Mwanadamu Apimaye: Kuifundisha Nadharia ya Uchaguzi wa Kimantiki

Wanafunzi wetu wengi, wasikiapo kwa mara ya kwanza kwamba iko nadharia imwonayo mwanadamu kuwa ni mtu apimaye faida na hasara kabla ya kutenda, hudhani wanafundishwa uchoyo. Dhana hiyo yapasa kusahihishwa mapema. Nadharia ya uchaguzi wa kimantiki haisemi mtu atake nini; yasema tu kwamba akiisha kujua alitakalo, huchagua njia aionayo kumfikisha huko kwa gharama ndogo. Mama auzaye mbuzi ili kumlipia mwanawe ada amepima, kadhalika mlevi.

Mfano ufaao darasani ni ule aliousimulia Gary Becker katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Katika miaka ya 1960 alikuwa akienda Chuo Kikuu cha Columbia kumtahini mwanafunzi, naye amechelewa. Je, alipie maegesho, au aliache gari barabarani kinyume cha sheria? Alikadiria uwezekano wa kukamatwa, ukubwa wa faini na bei ya maegesho, akaliacha barabarani. Hakutozwa kitu. (Aliyetozwa ni mwanafunzi, kwa maana swali lake la kwanza lilihusu jambo hilohilo.) Wanafunzi wetu huuliza iwapo aibu nayo yaingia katika hesabu hiyo. Watetezi hujibu kwamba yaingia. Sisi twaona kwamba nadharia iwezayo kumeza kila kitu haikatazi kitu, na kwa hiyo haielezi mengi.

Hapo ndipo majaribio yanapotusaidia. Mwaka 1982 watafiti wa Ujerumani walichapisha mchezo ambamo mtu mmoja hupewa fedha agawane na mwenzake. Mwenzake akikataa fungu lake, wote wawili hukosa. Apimaye fedha peke yake angepokea hata senti moja. Lakini watu wengi hukataa fungu dogo. Joseph Henrich na wenzake waliupeleka mchezo huo katika jamii ndogo 15, wakiwemo Wahadza wa Tanzania na Waorma wa Kenya, na mwaka 2001 wakaeleza kwamba hakuna hata jamii moja iliyotenda kama nadharia ya ubinafsi mtupu ilivyotabiri. Huko Papua New Guinea, miongoni mwa Waau na Wagnau, wengine walikataa hata fungu lililozidi nusu, kwa kuwa kwao zawadi kubwa humfunga aipokeaye kwa deni.

Mchungaji atakayehudumu usharikani ataletewa habari za familia iliyouza shamba kwa ajili ya mazishi. Akiwa amejifunza nusu ya nadharia hii, atawaita wajinga. Aliyejifunza yote atauliza kwanza ukoo ungewatendea nini kama wasingeuza, na ni nani angewakopesha mbegu msimu uliofuata.