Malori, nyama ya kopo na damu: msaada wa Washirika kwa Umoja wa Sovieti



Kila mwaka tarehe 9 Mei, Urusi inakumbuka ushindi wa 1945 juu ya Ujerumani ya Hitler, na ubishi wa zamani hurudi. Wengine husema Wasovieti wangeshindwa kama Marekani na Uingereza zisingewapa vifaa. Wengine hujibu kwamba vifaa vile vilikuwa kidogo tu na havikubadili kitu. Tumeona vema tueleze jambo hili, kwa sababu sisi ambao tumepokea misaada wakati wa vita tunajua jinsi inavyoweza kusifiwa kupita kiasi, na jinsi inavyoweza kusahauliwa.

Msaada ulianzaje?

Desemba 1940, rais Roosevelt wa Marekani alitoa mfano mbele ya waandishi wa habari. Nyumba ya jirani ikishika moto, humwuzii mpira wa maji. Unamwazima, anazima moto, kisha anakurudishia. Machi 1941 sheria ya kuazima na kukodisha vifaa vya vita ikapitishwa, kwanza kwa ajili ya Uingereza. Tarehe 22 Juni 1941 Hitler aliuvamia Umoja wa Sovieti, na mwezi wa Novemba nao ukaingizwa katika mpango huo. Roosevelt na Churchill hawakupenda utawala wa Stalin. Walimsaidia kwa sababu moto ulikuwa mmoja.

Walipeleka nini?

Watu wengi hufikiri vifaru na ndege. Vilikuwepo, kwa maelfu, na baadhi ya vifaru vya Uingereza vilipigana karibu na Moscow katika majira ya baridi ya 1941. Lakini viwanda vya Wasovieti vyenyewe vilitengeneza vifaru vingi zaidi kwa mbali. Uzito wa msaada ulikuwa mahali pengine: malori na jipu zaidi ya 400,000, vichwa vya treni karibu 2,000, waya za simu, petroli ya ndege, alumini, mamilioni ya jozi za viatu, na mamilioni ya tani za chakula.

Chakula hicho hakikuwa jambo dogo. Wajerumani walikuwa wameteka mashamba ya Ukraine, ghala la nafaka la nchi. Nyama ya nguruwe ya kopo kutoka Marekani ikawa chakula kinachojulikana na kila askari. Nayo malori ndiyo yaliyowezesha Jeshi Jekundu, tangu 1943, kuwafuata Wajerumani waliorudi nyuma, bila kuacha risasi na mkate mbali.

Njia zilikuwa tatu kubwa. Karibu nusu ya mizigo ilipita bahari ya Pasifiki hadi Vladivostok. Nyingine ilipita bahari ya kaskazini hadi Murmansk na Arkhangelsk, chini ya mabomu na nyambizi. Julai 1942, katika msafara mmoja tu, meli 24 za mizigo zilizamishwa. Njia ya tatu ilipita Iran, ambayo Waingereza na Wasovieti waliivamia Agosti 1941. Huko treni na malori yalijaa mizigo ya vita, huku wenyeji wakikosa mkate. Desemba 1942 watu wa Tehran waliandamana kwa sababu ya njaa. Msaada wa mmoja unaweza kupita mlangoni pa mwingine anayelala njaa.

Basi, nani alishinda?

Tuangalie tarehe. Moscow iliokolewa mwishoni mwa 1941, na Wajerumani wakasalimu amri Stalingrad Februari 1943. Sehemu kubwa ya msaada ilifika baada ya hapo. Kwa hiyo hatuwezi kusema Marekani ndiyo iliyowasimamisha Wajerumani. Watu wa Umoja wa Sovieti, Warusi, Waukraine, Wabelarusi, Wakazaki na wengine, waliwasimamisha, na takribani milioni 27 kati yao walikufa katika vita hivyo. Lakini mwendo mrefu hadi Berlin ungekuwa wa polepole zaidi bila yale malori, na makaburi yangekuwa mengi zaidi.

Stalin mwenyewe, huko Tehran mwaka 1943, alikiri mbele ya Roosevelt na Churchill kwamba bila mashine za Marekani vita vingeshindwa. Miaka michache baadaye, mkuu wa mipango wa Sovieti, Voznesensky, aliandika kwamba msaada ulikuwa kama asilimia 4 tu ya mazao ya viwanda vyao. Uadui mpya ulikuwa umeanza, na shukrani ikawa hatari. Upande wa pili nao, wengi walihesabu malori na kusahau kuhesabu wafu.

Hata Kongo ilitoa. Shaba ya Katanga, bati na mpira vilikwenda kwenye viwanda vya Washirika, mara nyingi kwa kazi ya kulazimishwa, na majina ya wachimbaji wale hayakuandikwa katika hotuba za ushindi.

Tunapohesabu msaada wowote, basi, tuhesabu yote: kilichotolewa, kilifika lini, kilipita kwa nani, na nani alilipa kwa mwili wake. Kumshukuru aliyetuma lori hakumnyang'anyi heshima yule aliyekufa akiwa ndani yake.