Kazi ya Sindano kwa Wazee Wetu: Ndogo, Rahisi, na Inayomalizika



Vikundi vyetu vingi vya kujisaidia vinajua la kufanya na vijana: miche, kuku, mizinga ya nyuki. Lakini nyanya wa miaka 75 au 80 akija mkutanoni, tunampa kiti kizuri na kikombe cha chai, basi. Anaketi akitazama mikono ya wengine ikifanya kazi. Nyumbani nako hali ni ile ile: "Pumzika, mama, usijisumbue." Tunasema hivyo kwa upendo. Lakini mtu aliyelima, aliyechota maji na kulea watoto saba, akiambiwa kila siku apumzike, mwishowe anasikia kama anaambiwa kwamba hahitajiki tena.

Kufuma kunaweza kusaidia hapa. Wazee wengi walijifunza kazi hii shuleni kwa masista, au katika vyama vya akina mama vijijini, na ujuzi bado uko vidoleni. Hata yule ambaye hajawahi kushika sindano anaweza kujifunza, hasa kama alikuwa akisuka viondo, maana mikono yake imeshazoea uzi.

KWA NINI KAZI NYINGI HUACHWA NJIANI

Mara nyingi tunakosea pale mwanzo: tunampa mzee kazi ya sweta. Sweta ina mgongo, kifua, mikono miwili na shingo. Kuna kupunguza, kuna kuhesabu, na kadiri inavyokua ndivyo inavyozidi kuwa nzito mikononi. Mama mmoja niliyekuwa nikimtembelea alikuwa na nusu ya mgongo wa sweta kikapuni. Ilikaa humo miaka miwili. Aliniambia kila akiiona anahisi kama ana deni.

Vile vitambaa vya makochi navyo ni vizuri, lakini uzi wake ni mwembamba na macho ya mzee yanachoka upesi.

Basi, mkimchagulia mzee kazi, angalieni mambo matatu:

1. Iwe inaweza kwisha kwa siku chache, isipite majuma mawili.

2. Itumie mshono mmoja tu, ule wa kwanza tunaojifunza, wa pleni, kwenda na kurudi.

3. Kuwe na mtu anayeingoja.

Hili la tatu ndilo kubwa. Kazi ya kupitishia wakati tu, mzee huitambua haraka. Akisikia kwamba kitu alichofuma kimetupwa kwenye gunia nyuma ya mlango, hatashika sindano tena, na hatuwezi kumlaumu.

VIFAA

Sindano. Kumbukeni kwamba namba za sindano zinazouzwa madukani kwetu mara nyingi huenda kinyume: namba kubwa ni sindano nyembamba. Namba 10 ni nyembamba, namba 6 ni nene. Kwa mzee tafuteni namba 6, 7 au 8. Spoku za baiskeli, ambazo wengi wetu tulijifunzia utotoni, ni nyembamba mno na zinateleza. Sindano za mwanzi ni nyepesi na haziumizi vidole. Kijana wa kikundi anaweza kuzichonga na kuzilainisha kwa msasa.

Uzi. Chagueni uzi wa sweta ulio mnene kiasi na wa rangi nyangavu: njano, waridi, samawati hafifu. Rangi nyeusi au ya buluu iliyokolea inaficha vitanzi. Mkitandika leso ya rangi tofauti mapajani, vitanzi vitaonekana vizuri zaidi.

Kama pesa ni kidogo, nunueni sweta ya mitumba na kuifumua. Lakini kabla ya kulipa igeuzeni ndani mtazame mishono ya ubavuni. Kama kingo zimekatwa na kushonwa kwa mashine ya kuzuia nyuzi, iacheni, maana mtapata vipande vifupi vifupi. Kama kingo ni nzima, uzi utatoka mrefu. Uzungusheni kwenye mgongo wa kiti, mfunge mahali panne, muoshe, kisha muanike kivulini na kuning'iniza kitu kizito kidogo chini yake. Ukikauka utakuwa umenyooka.

KAZI YA KWANZA: MRABA WA BLANKETI

Hii ndiyo nzuri ya kuanzia, maana haihitaji kuhesabu.

Weka vitanzi 2 kwenye sindano. Katika kila mstari, ongeza kitanzi kimoja mwanzoni: fuma kitanzi cha kwanza mara mbili, mbele na nyuma, kabla ya kukiachia. Vingine fuma kama kawaida. Kazi itapanuka kama pembetatu. Upande wa mshazari ukifika sentimita 20, anza kupunguza: mwanzoni mwa kila mstari fuma vitanzi viwili pamoja kama kimoja. Vikibaki 2, funga. Kumbe, una mraba!

Badala ya rula, mkatieni kijiti cha sentimita 20 akae nacho kikapuni.

Miraba 30, yaani 5 kwa 6, inatoa blanketi ya mita 1 kwa mita 1 na sentimita 20. Wazee sita wakifuma miraba mitano kila mmoja, blanketi imekamilika. Rangi zikichanganyika haidhuru, hata inapendeza. Mwenye macho mazuri afanye kazi ya kuunganisha. Na mzee akifuma mraba mmoja tu, huo mmoja umekamilika, si nusu ya kitu.

KAZI YA PILI: KOFIA YA MTOTO MCHANGA

Mtoto aliyezaliwa jana hupoteza joto haraka, na kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili wake. Mtoto njiti ndiye aliye hatarini zaidi. Hospitali zinazofuata njia ya kangaruu humfunga mtoto huyo kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa amevaa kofia. Kwa hiyo kofia hii ni kinga, si pambo.

Kwa sindano namba 8, weka vitanzi 70. Fuma pleni kila mstari mpaka ufike sentimita 15. Usifunge. Kata uzi ukiacha urefu wa mkono mmoja, utie kwenye sindano ya kushonea yenye tundu kubwa, upitishe ndani ya vitanzi vyote, kisha uvute mpaka juu pajikunje na kuziba. Piga fundo, halafu shona ubavu mpaka chini. Kwa mtoto njiti weka vitanzi 56 na urefu uwe sentimita 12.

Tumia uzi laini usiowasha. Usitie vifungo wala kamba za kufunga kidevuni. Kofia ioshwe kabla ya kutolewa. Na kabla ya kufuma nyingi, mwenyekiti aende akamwone muuguzi wa wodi ya uzazi aulize wanahitaji ngapi na za ukubwa gani.

KAZI YA TATU: SKAFU YA MWANAFUNZI

Wale wa Limuru, Kinangop au Nyahururu mnaijua baridi ya Julai. Kwa sindano namba 6 weka vitanzi 30, fuma pleni mpaka skafu ilingane na kimo cha mtoto mwenyewe, kisha funga. Mtoto asimame mbele ya nyanya apimwe, na kipimo hicho kirudiwe kila juma. Hapo nyanya anajua anamfumia nani, naye mtoto anajua nani anamfumia. Ulizeni kwanza rangi inayokubaliwa shuleni.

MACHO NA MIKONO

Mzee akae mahali penye mwanga wa mchana. Afume kwa dakika 15 au 20, apumzishe mikono, ndipo aendelee. Asubuhi vidole vikiwa vigumu, avitie kwanza katika maji ya vuguvugu. Viungo vikivimba na kuuma, aache, aonwe na daktari.

Mzee akisema, "Siku hizi sioni vitanzi," msikimbilie kusema ni uzee. Huenda anahitaji miwani ya kusomea tu. Huenda ni mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji, na wengi huona vizuri tena. Mpelekeni kliniki ya macho. Nimeona kufuma kukifichua shida ambayo familia haikuwa imeigundua.

Yule anayesahausahau naye asiachwe nje. Mpeni mraba. Akikosea, msifumue kazi yake mbele yake. Tundu dogo kwenye blanketi halimzuii mtu kulala.

Na wazee wa kiume? Sokoni tunawaona mafundi wanaume wakitengeneza sweta kwa mashine, kwa hiyo hakuna haya. Asiyetaka kufuma anaweza kukunja madonge ya uzi au kuchonga sindano.

HABARI YA PESA

Kubalianeni mapema. Kama kitu ni cha kutoa sadaka, mzee ajue hivyo tangu mwanzo. Kama kinauzwa, bei iandikwe kwenye daftari, gharama ya uzi itolewe, na inayobaki apewe mwenye kufuma mkononi mwake, si mkononi mwa mwanawe. Msichukue oda kubwa zenye tarehe kwa jina la wazee. Haraka itaondoa furaha yote.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, Tabitha alipofariki, wajane walimwonyesha Petro nguo alizowatengenezea. Walimkumbuka kwa kazi ya mikono yake. Blanketi ikimaliziwa, ipelekeni kanisani Jumapili, na waliofuma wasimame wao wenyewe kumkabidhi anayeipokea.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu ni wazee wangapi wanaokaa bila kazi, na nani atawatembelea juma hili kuwauliza walijua kazi gani zamani?

2. Ni nani hapa kwetu anayehitaji blanketi, kofia au skafu?

3. Uzi wa kuanzia tutaupata wapi, na nani ataweka daftari?

4. Nani atampeleka mwenye macho mabovu kliniki?