Dakika Tano Jukwaani Lubumbashi: Bei Yake Halisi

Ukitaka kuanza kuchekesha watu mbele ya maikrofoni hapa Lubumbashi, wenzako watakuambia kwamba kupanda jukwaani ni bure. Kweli, kupanda ni bure. Kurudi Ruashi saa nne usiku, bus zimeisha na mwenye manseba, pikipiki ya kubeba abiria, anajua huna njia nyingine, si bure hata kidogo.

Kwa hiyo kabla hujaomba nafasi popote, piga hesabu hii: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi usiku, kinywaji utakacholazimika kuagiza, na mega za intaneti za kuwaandikia watu waje. Jumla yake igawe kwa dakika ulizosikilizwa. Nimesema kusikilizwa, kwa sababu dakika tano za kusimama huku watu wanatazama mpira hazihesabiki.

Tuanze mjini, kwenye Halle de l'Étoile, ukumbi wa Institut français. Kwa anayeanza, mahali kama hapo pana vitu vitatu ambavyo baa haina: jukwaa lenye taa, maikrofoni inayofanya kazi, na viti vinavyoelekea mbele. Ubaya ni kwamba usiku wa vichekesho hauji kila wiki, na wanaotaka kupanda ni wengi. Usiende jioni ya onyesho kumvuta mpangaji shati wakati anahangaika na nyaya. Pita mchana, usome ratiba, uulize nani anayeandika majina. Rudi kama mtazamaji mara moja au mbili, ujue wanapenda nini. Siku utakapoomba nafasi, omba dakika tatu. Mpangaji mwenye orodha ndefu hupata pa kuzichomeka dakika tatu, lakini anayedai kumi huambiwa arudi mwezi ujao.

Usiogope kwamba pale mjini lazima uchekeshe kwa Kifaransa. Jiji hili limecheka kwa Kiswahili chake kwa miaka mingi: kundi la Mufwankolo lilijaza redio na televisheni michezo ya kuigiza ya Kiswahili cha Katanga, hata mtaalamu Johannes Fabian akaandika kitabu kizima, kilichotoka 1990, kuhusu mchezo mmoja walioutengeneza 1986. Kwa mchekeshaji mwenye pesa kidogo, Kiswahili ndicho kinachodumu. Kichekesho hicho hicho utakipeleka Kamalondo, Likasi na Kolwezi bila kukibadilisha. Na chagua mada kama unavyochagua kiatu: utani wa video inayovuma wiki hii umekwisha wiki ijayo, ila utani wa umeme kukatika wakati mama amebandika bukari utakulisha mpaka uzeeke.

Sasa baa na terasi za komini za Kamalondo, Katuba na Kenya. Kupata nafasi ni rahisi kuliko mahali popote: unamwendea mwenye baa mapema, unasema, «Papa, naomba munipe dakika tano wakati wanamuziki wanapumzika,» na mara nyingi jibu ni ndiyo, kwa sababu halimgharimu kitu. Linakugharimu wewe. Utaketi masaa mawili ukingoja, na huwezi kuketi masaa mawili mbele ya meza tupu. Marafiki uliowaita wakucheke watatarajia uwanunulie. Umeme ukikatika na jenereta ikakosa mafuta, utapaza sauti bila maikrofoni, na kesho yake koo ni lako.

Mpwa wangu alijaribu hivyo. Alihesabu nauli ya bus tu. Aliporudi alikuwa amelipa chupa nne, manseba ya usiku, na chupa ya tano ya mlevi aliyeahidi kumpigia makofi. Makofi hayakuja.

Hata hivyo sisemi uepuke baa. Nasema uende katikati ya wiki, siku isiyo na mechi, uagize kitu kimoja cha bei ndogo, na ukubaliane kabisa na mwenye baa saa ya kupanda. Akikujibu «tutaona», nenda nyumbani mapema.

Bei nafuu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni mikusanyiko ya wanafunzi, hasa upande wa Kasapa ambako Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kampasi yake. Kuna karamu za kuwapokea wanafunzi wapya, sherehe za vitivo, jioni za mashairi. Hakuna anayekulazimisha kunywa, wasikilizaji ni vijana wa lugha yako, na shughuli nyingi huisha mapema kiasi cha kupata bus. Tatizo ni kalenda: wakati wa mitihani mlango umefungwa. Basi ongea na viongozi wa wanafunzi mwanzoni mwa mwaka.

Harusi nazo hulipa, na hulisha. Lakini pale umeajiriwa kuongoza sherehe, si kuchekesha. Shangazi wa bibi harusi hataki kusikia habari za bwana harusi na deni lake. Chukua kazi hiyo kwa ajili ya mfuko, usiihesabu kama mazoezi.

Kuna jambo moja ninalokuomba ulikatae kabisa: mwandalizi anayekutoza pesa ya kujiandikisha, au anayekupa nafasi kwa sharti la kuuza tiketi. Tuseme amekupa tiketi 10 za franka 5,000, na usipoziuza unalipa mwenyewe. Ukiuza 4 kwa ndugu zako, umebaki na deni la franka 30,000 kwa dakika tano. Pesa hiyo unaweza kuichanga na wachekeshaji wengine watatu, mkakodi spika moja na maikrofoni kwa jioni nzima kwenye uwanja wa parokia au wa shule, kila mmoja akapanda dakika kumi na tano. Ila kabla ya kubandika tangazo ulizeni komini kama kibali kinahitajika na ni bei gani. Gharama hiyo hujitokeza siku ya onyesho, na siku hiyo huwa ghali zaidi.

Kinshasa na tamasha lake la vichekesho la Toseka? Baadaye. Tiketi ya ndege peke yake ingekulipia miezi mingi ya majukwaa ya hapa. Usinunue maikrofoni yako pia. Zile za bei rahisi huharibika upesi, na mwenye spika anayo yake. Simu ya rafiki inatosha kukurekodi dakika mbili mbele ya watu halisi, vicheko vyao visikike. Video hiyo ndiyo utakayomwonyesha mpangaji mwingine, naye hataangalia zaidi ya dakika hizo mbili.

Ukiwa na dola 20 tu mwezi huu, zigawe hivi: nauli ya kwenda Kasapa mara tatu, jioni moja ya kutazama mjini, jioni moja ya baa yenye soda moja. Zinazobaki ziweke pembeni kwa manseba ya kurudi.