KUPIMA CHUMVI YA SHAMBA KWA UMEME

Weupe unapoonekana juu ya udongo wa shamba la umwagiliaji, mara nyingi chumvi huwa imekwisha kujengeka chini kwa misimu kadhaa. Maji ya mfereji huja na chumvi kidogo. Mimea na jua huyachukua maji, chumvi hubaki. Pasipo mitaro ya kutoa maji, maji ya chini hupanda na kuirudisha kwenye mizizi.

Chumvi hiyo yaweza kugunduliwa mapema kwa umeme, kwa kuwa udongo wenye unyevu na chumvi huupitisha kwa wepesi. Mpimaji huchomeka vijiti vinne vya chuma katika mstari mmoja, kwa nafasi sawa. Umeme wa betri hupitishwa katika viwili vya nje, na volti hupimwa kati ya viwili vya ndani. Nafasi ikipanuliwa, kipimo hufika chini zaidi. Vijiti vikiachana sentimita 30, kinahusu takriban sentimita 30 za juu. Hapo ndipo penye faida kubwa. Chumvi ikizidi kadiri mtu anavyoshuka, maji ya mfereji yanaisukuma chini. Ikizidi juu, yaelekea maji ya chini yanapanda, na kuongeza maji bila mtaro ni kuongeza maradhi.

Lakini mfinyanzi, unyevu na joto navyo hubadili kipimo. Kwa hiyo vitalu vyote vipimwe siku zilezile baada ya kumwagiliwa, na udongo wa vitalu vichache upelekwe maabara. Mpimaji aondokaye na namba tu, bila mfuko wa udongo, hajapima chumvi bado.

Maabara hutoa kipimo cha desisimensi kwa mita. Udongo unaofikia 4 huitwa wa chumvi, ila maharage huanza kupunguza mavuno yakipita 1, mahindi 1.7, mpunga 3, na pamba 7.7.

Umeme hautambui magadi peke yake, nayo yamo katika baadhi ya mashamba ya bonde la Pangani, Tanzania. Udongo wa magadi huhitaji jasi. Wa chumvi ya kawaida huhitaji maji ya kuuosha na mtaro wa kuyatoa. Halmashauri ya chama isiidhinishe fedha za jasi kwa shamba lote kabla ya majibu ya maabara. Katibu naye awe na daftari lenye namba ya kila kitalu, tarehe ya kumwagilia na tarehe ya kupima.