Fundi, kabla ya kununua uliza utachomeka wapi

Kagondo si moja tu. Moja ni kata ya Manispaa ya Bukoba, nyingine iko wilayani Muleba. Wiki hii nakuletea kisa cha fundi wa ile ya kwanza aliyeitwa kutengeneza redio katika ile ya pili.

Redio ya bibi mmoja ilikuwa ikikatakata. Waya wa spika ulikuwa umeachia kwenye bodi, kazi ya dakika tano. Fundi akatoa mkobani chuma chake cha kulehemu, cha wati 60, cha kuchomeka ukutani. Ukutani hapakuwa na soketi. Nyumba ilikuwa na sola ndogo ya taa tatu na kuchajia simu. Fundi akaona haya kuondoka mikono mitupu. Akafukia msumari kwenye mkaa hadi ukawa mwekundu, akaugusisha kwenye bodi. Risasi iliyeyuka, na njia za shaba nazo zikabanduka.

"Waitu fundi," bibi akasema, "ilikuwa inaumwa, wewe umeizika."

Wiki hiyohiyo tangazo la msiba wa nduguye lilisomwa redioni. Hakulisikia. Alifika waombolezaji wakiwa wamekwisha kutawanyika.

Kosa la fundi huyu lilianzia dukani. Alinunua chuma kizuri bila kujiuliza atakitumia wapi. Basi tuvitazame vyuma vya kutembea navyo, kimoja kimoja.

Cha kwanza ni cha volti 12, chenye vibanio viwili vya kushika betri ya gari, pikipiki au sola. Hesabu yake ni rahisi: wati 30 ukigawa kwa volti 12 unapata ampea 2.5. Nusu saa ya kazi hutumia ampea-saa 1.25. Betri ndogo ya ampea-saa 7 iliyojaa huimudu bila taabu. Kwa vijiji vyetu vyenye sola, nadhani hiki ndicho cha kuanzia.

Cha pili hutumia gesi ya butani, ileile ya viberiti vya gesi. Hakihitaji umeme hata kidogo. Lakini hewa ya moto hutoka ubavuni mwake na inaweza kuunguza plastiki ya redio au nguo yako, wala hakifai karibu na petroli. Tena, gesi ya kujazia iwe inapatikana karibu nawe.

Cha tatu ni cha betri ndogo za tochi. Nguvu yake ni wati chache tu, inatosha waya mwembamba. Ukikiweka kwenye kiungo kinene, shaba hunyonya joto lote na risasi haishiki.

Cha nne ni cha kisasa, huchomekwa kwa waya wa yuesibii. Hapa wengi hudanganyika. Kile cha volti 5 huwa na wati 8 hivi. Kile chenye nguvu, cha wati 60 na zaidi, hutaka pawabenki inayoweza kutoa volti 20, na pawabenki ya kawaida ya simu haiwezi.

Sasa joto. Risasi ya kulehemu iliyochanganywa stani 63 kwa risasi 37 huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Isiyo na risasi huhitaji nyuzi 217 au zaidi. Ncha ya chuma huwekwa juu ya hapo, kama nyuzi 320 hadi 350, ili kiungo kishike kwa sekunde mbili tatu. Ukipata chuma chenye kidhibiti joto, ongeza pesa ukichukue. Joto likizidi, bodi hubanduka kama ya bibi yule. Likipungua, fundi hukandamiza muda mrefu na kuharibu vilevile.

Dukani, omba kiwashwe. Kiguse risasi, uone inayeyuka na kung'ang'ania ncha. Uliza ncha za akiba. Ncha nyingi za sasa ni shaba iliyopakwa chuma, kwa hiyo usizipige tupa. Zifute kwa sponji yenye unyevu, kisha zipake risasi kidogo kabla ya kuzima.

Na afya yako, fundi. Moshi ule hutoka zaidi kwenye ulimbo uliomo ndani ya waya wa risasi, nao hudhuru kifua. Fanya kazi dirishani. Risasi yenyewe huingia mwilini kwa mikono michafu. Usinyooshe mkono kwenye sahani ya senene kabla ya kunawa kwa sabuni.

Fundi wetu alimnunulia bibi redio nyingine, iliyotumika. Bei yake ilizidi ya chuma cha volti 12, ambacho sasa hakitoki mkobani mwake. Sisi watangazaji tunasema tunawafikia wananchi. Kijijini, mara nyingi ni fundi anayetufikisha.

Panapo majaaliwa, tukutane wiki ijayo.