Potasiamu Inavyokaa Katika Udongo wa Mfinyanzi

Potasiamu ya mbolea ikishayeyuka ardhini hubeba chaji chanya, na chembe za udongo wa mfinyanzi zina chaji hasi, hivyo hushikana. Nguvu ya kushikana huko hutegemea aina ya madini yaliyomo.

Kaolini, madini meupe yanayopatikana Pugu karibu na Dar es Salaam, ndiyo pia sehemu kubwa ya mfinyanzi katika udongo mwekundu wa nyanda nyingi za juu. Wekundu wenyewe ni wa chuma. Tabaka za kaolini zimebanana kabisa, kwa hiyo potasiamu hukaa nje tu. Kilo moja hushika sentimoli 3 hadi 15 za chaji. Masika yakikolea, potasiamu isiyopata pa kushika huzama chini ya mizizi, ndiyo maana huko inafaa mbolea igawanywe, iwekwe kidogo kidogo.

Udongo mweusi wa mbuga ni habari nyingine. Masika hung'ang'ania jembe, kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono mzima. Una madini ya smektaiti, ambayo tabaka zake hufunguka zikipata maji na kushika hadi sentimoli 80 au 120. Nafasi ni tele, ila potasiamu huigombania na kalisi na magnesi, ambazo kwa kawaida ndizo nyingi zaidi.

Ajabu zaidi ni madini ya ilaiti na vemikulaiti. Nyuso za tabaka zake zina vishimo vinavyolingana karibu sawasawa na ukubwa wa ioni ya potasiamu. Ikitumbukia humo, tabaka hujifunga juu yake, hasa udongo unapokauka, na mizizi haiifikii kwa urahisi. Shamba la ilaiti lililovunwa miaka mingi bila kurudishiwa kitu huwa na vishimo vitupu, na mbolea ya kwanza huishia kuvijaza. Mkulima huona mahindi bado yana kingo za njano kwenye majani ya chini, akadhani ameuziwa mbolea mbovu. Potasiamu hiyo haijapotea. Hutoka polepole, kadiri mizizi inavyoipunguza ile iliyo nje. Kuiweka mbolea kwa mstari karibu na mbegu, badala ya kuitawanya, hupunguza kiasi kinachonaswa.

Kipimo cha kawaida cha maabara huhesabu potasiamu iliyoyeyuka na ile iliyoshikwa nje, si iliyofungiwa ndani. Kwa hiyo mashamba mawili yenye namba moja kwenye karatasi ya majibu yanaweza kuhitaji mbolea kwa viwango tofauti kabisa.