Unataka Kuwa Ofisa wa Meli? Uliza Kwanza Meli ya Staji Iko Wapi



Siku hizi kwa simu zetu kunapita matangazo mingi ya kusomea kazi ya meli. Unaona kijana mwenye shati nyeupe na galoni kwa mabega, bahari nyuma yake, na chini wameandika mshahara wa dola wenye hata profesa wetu hapati. Mimi ni mtu wa agronomia, kazi yangu ni udongo na mbegu. Lakini wadogo wananiuliza sana juu ya hii njia. Basi nilikaa nikasoma sheria zenye kutawala mabaharia, na nikauliza rafiki mmoja tuliyesoma naye sekondari, mwenye anasomea kazi hii kwenye pwani ya Tanzania. Yale niliyoelewa ninawapa hapa.

Ofisa anafanya kazi gani?

Kwa meli ya biashara kuko sehemu mbili kubwa. Watu wa sitaha wanaongoza meli, wanasoma ramani na rada, wanapakia mizigo na kuilinda njiani. Watu wa mashini wanatunza injini, majenereta, pampu na mafuta. Shule mingi zinakuomba uchague upande mmoja tangu kujiandikisha. Ukichagua sitaha, unaanza ofisa wa tatu, kisha wa pili, kisha wa kwanza, mwisho nahodha. Ukichagua mashini, unapanda mpaka injinia mkuu.

Kwa meli mingi ofisa anashika zamu ya saa nne, anatoka kwa saa nane, kisha anarudi tena. Saa saba ya usiku, nahodha akiwa amelala, kijana wa miaka 26 anaweza kuwa yeye peke yake mwenye kuamua meli yote ipite wapi. Na meli ya mita 200 haina breki sawa pikipiki. Hata ukigeuza injini irudi nyuma, bado inaendelea mbele mwendo mrefu. Njo maana dunia haikuacha kila nchi ijitungie masomo yake namna inavyotaka.

Sheria yenyewe

Kuko mkataba wa kimataifa wenye unaitwa STCW. Ulitungwa mwaka 1978, ukarekebishwa sana kule Manila mwaka 2010. Unasimamiwa na IMO, Shirika la Kimataifa la Bahari, lenye makao yake London. Huo mkataba unasema ofisa anapaswa kujua nini mbele ya kupewa cheti cha kushika zamu.

Kwanza, umri usiwe chini ya miaka 18. Pili, afya. Daktari mwenye anatambuliwa anakupima, na macho yako yanapaswa kutofautisha rangi. Usiku, meli inayokuja unaijua kwa taa zake: nyekundu iko upande wake wa kushoto, kijani upande wa kuume. Mtu mwenye anachanganya hizo mbili hawezi kushika zamu, hata kama kwa hesabu ni wa kwanza. Kwa hiyo jipimishe macho mbele ya kulipa hata franga moja ya shule.

Tatu, mafunzo mafupi ya usalama: kuokoka majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na kujilinda pamoja na kuishi vizuri na wenzako melini. Hapa muangalie vizuri. Hivi vyeti vifupi vinahitajika kwa kila baharia, lakini peke yake havimfanyi mtu kuwa ofisa. Mtu akikuambia kozi ya wiki chache inakupa galoni, anakudanganya.

Nne ni masomo marefu ya darasani, na tano ni staji ya baharini. Hayo mawili njo moyo wa kazi.

Darasani wanasoma nini?

Wanasoma kuongoza meli kwa ramani, kwa dira, kwa setilaiti, hata kwa jua na nyota kama mitambo imekufa. Wanasoma sheria za mwaka 1972 za kuzuia meli kugongana, hali ya hewa, mawasiliano ya redio, na Kiingereza cha baharini. Sisi wa Kongo tuliosoma kwa Kifaransa, hicho Kiingereza tusikichukue kama mchezo, juu kwa redio kati ya meli na meli mara mingi njo lugha inatumika.

Kisha kuko somo la uthabiti, yaani kwa nini chombo kinasimama wima na kwa nini kinapinduka. Kila kitu kizito unachoweka juu kinapandisha kitovu cha uzito. Kikipanda sana, chombo kikilala kidogo upande mmoja hakina tena nguvu ya kujirudisha. Sisi watu wa Kivu hatuhitaji mfano wa mbali. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua ya MV Merdi kutoka Minova ilipinduka karibu na Kituku, hapo Goma, ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Watu wengi walikufa wakiona mji. Ofisa mwenye alisoma uthabiti anajifunza kupiga hesabu mbele ya kung'oa nanga, na kukataa kuondoka kama hesabu haikubali.

Somo lenye lilinivutia zaidi mimi kama mtu wa kilimo ni la kulinda mizigo. Kahawa yetu ikifika bandari ya Mombasa ao Dar es Salaam, bado haijaokoka. Punje ya kahawa iliyokauka iko bado na maji ndani, kama asilimia 11 ao 12. Meli inatoka kwenye joto inaelekea Ulaya wakati wa baridi. Chuma cha meli kinapoa, hewa ya ndani bado ina joto na unyevu, basi maji yanashika kwa dari na kudondokea magunia. Mabaharia wanasema meli inatoka jasho. Ukienda kinyume, kutoka baridi kuelekea joto, ukifungua hewa ya nje yenye unyevu iingie, maji yanashika juu ya mzigo wenyewe. Basi ofisa anapima hewa ya ndani na ya nje mbele ya kuamua kufungua ao kufunga. Akikosea, ukungu unakula kazi ya mkulima wa mwaka mzima.

Kuko pia hatari yenye haionekani. Nafaka, mbao na mashudu vinaweza kula oksijeni ndani ya tumbo la meli lililofungwa. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Mtu akishuka humo bila kupima, anaanguka, na mwenzake mwenye anakimbia kumwokoa anaanguka juu yake. Wenye kujua silo za mahindi wanaelewa ninasema nini.

Sasa, staji

Kwetu, mtu akimaliza masomo, staji ni ya kukamilisha. Unapeleka barua kwa ONG ama kwa ofisi ya Leta, wanakutia muhuri, unarudi kudefandi. Kwa ofisa wa meli haiendi hivyo. Kwa upande wa sitaha, STCW inaomba angalau miezi 12 ya kuwa baharini ndani ya programu iliyokubaliwa, na kaye ya staji yenye maofisa wanaandika na kutia sahihi kazi kwa kazi. Ndani ya hiyo miezi, angalau sita ni ya kushika zamu kwenye chumba cha usukani chini ya macho ya ofisa. Mwenye hana programu ya namna hiyo anaombwa miezi 36.

Tena ni bahari ya kweli njo inahesabiwa. Mkataba unahusu meli zenye kwenda baharini. Miaka yako kwenye mashua ya mbao kati ya Uvira na Kalemie inaweza kukufanya jasiri, lakini haiingii kwa hesabu hiyo.

Shida iko hapa. Darasa moja linaweza kubeba wanafunzi 60. Meli ya mizigo mara mingi iko na vitanda viwili ao vitatu tu vya wanafunzi, na meli zingine hazina hata kimoja. Kwa hiyo kuna vijana wenye walishinda mitihani yote na bado wako nyumbani wanangoja meli. Rafiki yangu anasema katika kundi lake wengine walipanda haraka, wengine wanamaliza mwaka bila kuitwa. Bila hiyo miezi, cheti cha kushika zamu hakitoki.

Matangazo yanapenda kusema dunia inakosa maofisa. Si uongo. Ripoti ya mwaka 2021 ya BIMCO na Chemba ya Kimataifa ya Usafiri wa Meli ilihesabu pengo la maofisa 26,240. Lakini sosiete zinatafuta zaidi watu wenye walishapata uzoefu. Mlango wa juu uko wazi, wa chini ni mwembamba.

Na penye mlango ni mwembamba, walanguzi hawakosi. Mtoto wa mama yangu mdogo aliombwa na wakala mmoja dola za kumtafutia nafasi melini, na wazazi walikuwa tayari kuuza kipande cha shamba. Mimi najua shamba linachukua miaka mingapi kulipata tena. Niliwaonyesha Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006: unakataza baharia kulipishwa ili apate kazi. Anaweza kulipa cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasiporti. Viza ni juu ya mwenye meli. Minerivali ya shule ni kitu kingine, na inalipwa shuleni kwa risiti. Shamba bado liko.

Wapi kusoma, na uulize nini

Karibu na sisi wa mashariki kuko Dar es Salaam Maritime Institute na Bandari Maritime Academy ya Mombasa, zote za Kiingereza. Mwenye anataka Kifaransa aangalie akademi ya kanda ya ARSTM kule Abidjan. Kinshasa kuko CRFNI, kituo cha CICOS chenye kufundisha usafiri wa mito. Hiyo ni njia nyingine, na nchi yenye mto kama wetu inaihitaji pia. Kwenye Banana, kazi ya kujenga bandari ya maji marefu ilizinduliwa Januari 2022, kwa hiyo maarifa ya bahari yatatafutwa hata kwetu.

Mbele ya kulipa, andikia shule maswali haya, na uombe jibu kwa maandishi:

1. Cheti cha mwisho kinatolewa na serikali ya nchi gani, na IMO inaitambua hiyo nchi kwa STCW?
2. Shule iko na mkataba na sosiete gani za meli kwa staji?
3. Katika kundi lililopita, wangapi walimaliza miezi 12, na walingoja muda gani?
4. Mwanafunzi wa Kongo anapata meli sawa na mwanafunzi wa nchi, ao anabaki wa mwisho?
5. Staji ikikosa, nani anabeba gharama?

Swali la nne msiliruke, juu njo linatuhusu sisi wageni kabisa.

Kwa wenye walishapata lisansi: hesabu na fizikia yako vitakusaidia darasani, lakini diploma haipunguzi miezi ya bahari. Nyuma ya cheti cha kwanza, kuwa ofisa wa kwanza kunaomba miezi 12 mingine ya baharini, na nahodha wa meli kubwa miezi 36, ao 24 kama 12 kati yake ulikuwa ofisa wa kwanza. Likizo haihesabiwi. Kwa hiyo piga hesabu ya miaka kama 10, na ukubali kukosa matanga na harusi mingi za kwenu.

Mwenye amesoma mpaka hapa na bado moyo unamwambia aende, aende. Ni kazi ya heshima, na Kongo inahitaji watu wenye kujua kusema hapana chombo kikijaa. Lakini shule ikishindwa kujibu meli ya staji iko wapi, tunza feza yako na utafute ingine.